Karafuu Maiti Ndani ya Glasi

Muonjaji hakunywa mara ya pili. Aliiweka glasi mezani, akaisogeza mbali naye kama mtu aliyekuta unywele kwenye sahani, kisha akamtazama mwenye kiwanda usoni.

"Humu ndani kuna mtu anajichua dawa?"

"Hapana," alijibu Chachu. "Kwa nini?"

"Dawa ya magoti. Ile ya mgando, inayouzwa kwenye vikopo." Akainusa tena glasi, safari hii kwa mbali. "Karafuu naijua. Bia za namna ya Ubelgiji, hamira yake yenyewe huleta harufu ya karafuu, lakini ile ya jikoni, tamu. Hii siyo. Hii ni karafuu maiti."

 Chachu alivuta kiti, akakaa. Hakuwa amemwambia mtu huyu neno lolote kuhusu baba yake, wala magoti ya baba yake, wala kikopo alichozikwa nacho mfukoni mwa koti kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukitoa.

Muonjaji yule alikuwa mwanamke mwembamba, mtaratibu, ambaye kazi yake ilikuwa kuchagua bia za kuuzwa kwenye mahoteli. Watu wa biashara hiyo walimwita Ulimi. Ulimi akisema bia ni nzuri, imepata soko. Akisogeza glasi, huna haja ya kuuliza.

Chachu nalo halikuwa jina la kwenye cheti. Alipewa na baba yake tangu akiwa msichana mdogo, kwa sababu akiudhiwa alikuwa halii wala hapigi kelele. Alikuwa anavimba tu, kimya kimya, mashavu na kifua, mpaka aliyemuudhi aone haya mwenyewe. "Mwacheni," baba alikuwa akisema huku anacheka. "Huyu ni chachu. Ukimfunika ndiyo anaumuka." Jina likamganda. Alisoma nalo, akaajiriwa nalo kwenye maabara ya kiwanda cha maziwa, na baba alipofariki akaacha kazi ya maziwa akarudi nalo kwenye kiwanda cha bia cha baba yake.

Kiwanda chenyewe kilikuwa banda la matofali lenye paa la bati: matangi ya chuma yanayong'aa, mabomba, mipira ya maji imelala sakafuni kama nyoka walioshiba. Baba alipika bia za aina kadhaa, lakini iliyompa jina ilikuwa moja. Ilikuwa kali, ya rangi ya asali, ya mtindo wa Ubelgiji, ila yeye aliijaza hopsi kuliko kawaida. Hopsi ni yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu, na baba hakuyaonea huruma. Hamira ya bia hiyo alipewa ujanani na mpishi mmoja wa bia, mgeni, kwenye mashapo ya chupa, naye hakuiacha ife. Kila alipomaliza kupika alichota mashapo chini ya tangi, akayatia kwenye mtungi wa kioo, akayatumia kuanzisha bia inayofuata. Hamira ileile, mwaka hata mwaka, kama moto wa jikoni usiozimwa.

Fundi ndiye aliyemkuta baba siku aliyofariki. Fundi alikuwa mtu wa mabomba na matangi, amefanya kazi na mzee tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Asubuhi ile aliingia akamwona mzee amekaa kwenye kigoda kando ya tangi, suruali imekunjwa juu ya magoti, magoti yanang'aa mafuta, mfuko wa hopsi nusu umemwagwa nusu umebaki. Akamsalimu. Akamsalimu tena kwa sauti. Moyo ulikuwa umeshasimama zamani.

Bia iliyokuwa tangini ilimaliziwa. Kuimwaga kuliwatisha kuliko kuipika. Chachu alitia hopsi zilizobaki kwa mkono wake, na siku ya kufungua chupa ya kwanza alikuwa peke yake. Akainua glasi, na kabla haijafika mdomoni baba yake alikuwa amesimama mbele yake. Si kwa macho, kwa pua. Ile harufu ya dawa ya kuchua iliyokuwa ikimtangulia mzee mlangoni na kubaki kwenye kiti baada ya yeye kuinuka. Chachu alijiambia ni majonzi. Mtu aliyefiwa husikia mengi.

Lakini bia iliyofuata ilikuwa na harufu hiyo hiyo, na ile iliyofuata, kali zaidi.

Aliyeijua mapema, mbali na yeye, ni mama yake. Mama alikuwa akija kiwandani kila Jumamosi mchana, kwa miguu, amevaa kama anayekwenda kutembelea watu wazito. Hakuwa na maneno mengi. Alikaa kwenye kiti kilekile alichokuwa akikaa enzi za mzee, maana mzee alikuwa haitoi bia sokoni mpaka mkewe aionje, akaweka mkoba mapajani, akangoja. Chachu alimmiminia kidogo. Mama aliinusa, akafumba macho, akanywa funda moja, akaiweka glasi chini.

"Yupo," alisema.

Kisha alichukua mkoba wake akaondoka.

Neno hilo moja lilimtosha Chachu kwa wiki nzima. Wengine huenda makaburini. Mama yake huja hapa. Aliona hivyo, na kila Jumamosi aliosha glasi ile mwenyewe kwa maji ya moto, akaifuta kwa kitambaa safi, asiache hata alama ya kidole.

Wengine hawakufarijika. Fundi alianza kutafuta visababu ili asipite peke yake karibu na lile tangi. Akitaka kufungua bomba anaimba kwanza. "Mimi si mtu wa mizimu, bosi," alimwambia Chachu siku moja, amesimama mlangoni, mguu mmoja nje. "Macho yanadanganywa, hilo najua. Lakini pua? Pua hainywi wala haioti ndoto." Na mwenye baa ya mtaa wa pili, mnunuzi wao wa siku zote, alirudisha kreti akiwa ameudhika na anacheka kwa pamoja. "Wateja wangu wanasema bia yako imelazwa wodini. Nikiwauliza inaumwa nini, wanasema imepakwa, haijapikwa."

Ndipo Chachu alipomwita Ulimi, akitumaini ataambiwa ni mambo ya watu tu.

Sasa Ulimi alikuwa amefungua mkoba wake, anajipangusa midomo kwa kitambaa. "Ni hamira pori," alisema. "Imeingia kwa hewa au kwa uchafu kidogo, ikaota humo. Imejificha kwenye raba za milango ya matangi, kwenye maungio ya mabomba, na sasa imo ndani ya hamira yenu yenyewe. Unajua ninachosema, umetoka maabara."

"Najua."

"Basi unajua na dawa yake. Ua yote. Fungua kila raba, chemsha kila kitu, nunua hamira mpya."

"Ile ya kwenye mtungi ni ya baba yangu."

"Pole," Ulimi alisema, na ilionekana amemaanisha. "Lakini inaumwa, na haitapona."

 "Hiyo hamira pori," Chachu aliuliza, "inajuaje dawa aliyokuwa akijipaka mtu?"

"Hamira haijui kitu. Ni pua yako inayomjua mwenye harufu."

"Na pua yako wewe? Wewe hukuwahi kukutana na baba."

 Ulimi alitazama kigoda kilichokuwa kando ya tangi, akatazama mlango. Akasema ataacha namba yake ya simu, akaondoka kabla chai aliyotengewa haijapoa.

Chachu hakufanya kitu. Alijua la kufanya, na kujua hakukumsaidia. Alikuwa ameua vijidudu vya maziwa maisha yake yote bila kuwaza mara mbili, lakini kila alipoushika ule mtungi alisikia vipovu vikipanda na kupasuka, taratibu, kama mzee anayepumua usingizini, akaurudisha mahali pake. Zaidi ya yote alimwaza mama. Atamwambiaje? Jumamosi atakuja na mkoba wake, atafumba macho, halafu akute hakuna mtu?

Lakini kreti ziliendelea kurudi. Mwenye baa akaacha kununua kabisa, na baada yake wengine. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Siku moja, mchana wa jua kali, Chachu alimwambia Fundi alete spana.

Walimwaga kwanza. Bia ya asali ilitoka kwenye tangi ikapita kwenye mfereji wa sakafuni ikitoa povu, na harufu ikajaa banda zima. Wakafungua raba za milango. Chini yake kulikuwa na utando mwembamba, mweupe, unaoteleza. Wakavunja maungio ya mabomba, wakayaloweka kwenye dawa, wakaingiza mvuke ndani ya matangi mpaka chuma kikalia. Kazi ile ilichukua mchana wote na hawakuzungumza ila ya kazi.

Mtungi ulibaki mwisho. Chachu aliubeba kwa mikono miwili akautoa uani. Akaumimina kwenye sufuria kubwa, na Fundi akasogea na birika la maji yanayochemka.

"Nimwage mimi?" Fundi aliuliza.

"Lete hapa."

Maji yalipogusa hamira, mvuke ulipanda, na harufu ile ikawapiga kama mlango uliofunguliwa kwa nguvu. Ilikuwa karafuu maiti tupu, haikuwa na bia ndani yake hata kidogo. Ilikuwa magoti ya mzee, shati lake, kiti chake, mkono wake begani. Fundi alivua kofia. "Shikamoo, mzee," alisema kwa sauti ya chini, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Kisha alikwenda akakaa nje ya geti, akatazama barabara.

Chachu alibaki. Akaendelea kumimina. Nyuma yake, upande wa mlango wa banda, alisikia kikohozi kifupi, kile cha mtu anayetaka kusema jambo na hajaamua. Alikijua kikohozi hicho kuliko sauti yake mwenyewe. Hakugeuka. Hakuogopa kumwona baba yake. Aliogopa kugeuka akaona ukuta. Alisimama hivyo mpaka maji yakaisha na sufuria ikanyamaza.

Jumamosi alimwambia mama kwamba kiwanda kimefungwa kwa matengenezo.

"Mpaka lini?" mama aliuliza.

"Kidogo tu."

Mama aliutazama mlango wa banda uliofungwa kwa kufuli. "Haya," alisema, na akarudi alikotoka.

Hamira mpya ilikuja ndani ya kiboksi cha baridi, kwenye pakiti ndogo kama ya dawa ya mtoto. Chachu alipika. Aliloweka kimea, akachuja, akachemsha, akatia hopsi kwa wingi uleule wa baba, maana hilo hakuweza kulipunguza hata kama angetaka. Bia ikaumuka, ikatulia, ikatiwa hopsi za pili za harufu, ikaingia kwenye chupa na kuachwa humo ijijaze gesi yenyewe. Ndani ya banda palinuka maganda na sabuni. Fundi alianza kupiga mluzi, kisha akakumbuka akaacha, kisha akaanza tena.

Ulimi alipoitwa alikuja bila kujivuta, lakini alisimama mlangoni kwanza akanusa hewa. Ndipo akaingia.

Chachu alifungua chupa. Povu lilipanda jeupe na zito, likakaa juu ya glasi kama limejengwa. Ulimi aliinua glasi kwenye mwanga wa dirishani, akaizungusha, akainusa. "Ganda la chungwa," alisema. "Nyasi iliyokatwa sasa hivi. Pilipili manga kwa mbali... na karafuu." Chachu aliacha kupumua. "Ya jikoni," Ulimi alimalizia, akatabasamu. Akanywa, akaiacha bia izunguke mdomoni. Akanywa tena. "Inaanza tamu, unadhani umeshaijua. Halafu uchungu unakuja, unakaa nyuma ya ulimi, hauondoki mpaka uuruhusu. Hopsi nyingi hivi huua bia za namna hii. Hii haijafa. Nani alikufundisha kipimo hiki?"

"Baba."

"Basi alijua."

Alipoondoka alikuwa ameagiza ya kutosha mahoteli yake yote. Chachu, akiisha kushangilia na Fundi, alijimiminia glasi yake, akakaa, akaionja kwa utulivu. Ilikuwa safi. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na kila kitu kilisikika. Ilikuwa nzuri kuliko bia yoyote ambayo baba yake aliwahi kuipika, na yeye hakuwamo. Alinusa mpaka pua ikachoka. Hakuwamo hata chembe. Chachu akalia jinsi ambavyo hakuwahi kulia msibani.

Mama alikuja Jumamosi. Kufuli lilikuwa limeondolewa, na hakuuliza matengenezo gani. Alikaa kwenye kiti chake, mkoba mapajani. Chachu alikuwa amejiandaa kudanganya, halafu akajiandaa kukiri, na sasa hakuwa tayari kwa lolote. Akammiminia, akakaa mbele yake.

Mama aliinusa. Akafumba macho, akainusa tena, muda mrefu kuliko siku zote. Akanywa funda. Halafu akafanya jambo ambalo Chachu hakuwahi kuliona: akanywa la pili.

"Amekwenda," mama alisema.

"Mama, nisamehe. Bia ilikuwa inarudishwa, nilijaribu kila njia, sikutaka—"

"Nikusamehe nini?"

"Nimemuondoa. Ulikuwa unakuja kwa ajili yake, na mimi—"

Mama alifumbua macho. Alimtazama bintiye kama mtu aliyeamshwa na kelele za nyumba asiyoijua. "Mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa nakuja kuona kama amekwenda."

Nje, Fundi alikuwa anaviringisha pipa kwenye kokoto. 

"Umri wangu wote nimekaa kwenye kiti hiki," mama alisema. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Ananimiminia, anakaa hapo ulipokaa wewe, ananitazama mdomo. Nikikunja uso hata kidogo, basi. Siku hiyo siongeleshwi, na wiki ile siongeleshwi. Hakunipiga, sitamsingizia marehemu. Hakunitukana. Alininyamazia. Unajua kupakua chakula mezani kwa mtu ambaye hakuoni? Unamuuliza kama atataka chumvi, na yeye anatazama ukuta. Nikajifunza kutokunja uso. Nikajifunza kusema nzuri. Siku alipofariki tulikuwa kwenye kimya, hata sikumbuki cha nini."

"Mimi sikuwahi kuona hayo," Chachu alisema.

"Ungeonaje? Ukiingia wewe anacheka. Ni kweli alikuwa anacheka, alikupenda. Baba yako alikuwa watu wawili, na mimi nilipangiwa yule mwingine." Aligusa ukingo wa glasi. "Alipozikwa nikasema nimepumzika. Halafu nikaja hapa, nikanusa, nikamkuta. Kila Jumamosi nikija namkuta. Nikasema, hata kaburi halikumtosha."

 Lililomjia Chachu ni la biashara, kwa sababu lilikuwa karibu. "Na bia yenyewe?" aliuliza. "Ya leo. Nzuri?"

Mama alifungua mdomo kujibu kama alivyozoea, na jibu likakataa kutoka. Alionekana kulishangaa.

"Siipendi," alisema.

Kisha, kwa sauti zaidi: "Siipendi. Inakwangua. Ni chungu, mpaka kesho yake bado naisikia. Sijawahi kuipenda, hata siku moja!" Na akacheka kidogo, mkono mdomoni, kama msichana aliyesema tusi mbele ya watu wazima.

Chachu hakucheka. Kitu kilikuwa kinapanda ndani yake, kutoka tumboni kuja kifuani, cha moto, kinachovimba. Miezi yote hii. Kazi aliyoiacha, mikono iliyochubuka kwa dawa, hamira aliyoiua kwa mkono wake, bia ambayo Ulimi mwenyewe aliinywa mara mbili. *Siipendi.* Alijua angeweza kusema jambo, jambo lolote, lakini kimya kilikuwa kitamu zaidi, kilikuwa kimeshaanza kumkaa vizuri kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Akatazama mdomo wa mama yake. Kisha akahamisha macho, akatazama ukuta.

Kicheko cha mama kilikatika. Chachu hakumwona, lakini alikisikia kiti kikilia mama alipojikunja, na mkono wake ukitafuta mkoba mapajani.

"Huyo hapo," mama alisema polepole.

Baridi ilimwingia Chachu kuanzia shingoni. Aligeuza macho. Mama hakuwa anatazama tangi, wala kigoda, wala glasi. Alikuwa anamtazama yeye. Na uso wake ulikuwa umekuwa laini na mtupu, usio na mkunjo hata mmoja. Uso ambao Chachu aliuona tangu utotoni akaudhani ni upole.

Alitaka kusema, *Hapana, ni mimi.* Ulimi wake haukunyanyuka. Aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake alikuwa mzito kuliko yeye, na mwenye subira, na hakuwa na haraka ya kuondoka. Mama alisimama. Akalisawazisha gauni lake, akatembea kuelekea mlangoni kwa hatua za mtu anayejua kutembea bila kelele. Alikuwa ameshashika komeo.

"Mama."

Mama alisimama, hakugeuka.

"Nimekasirika," Chachu alisema. Maneno yalitoka kama mfupa uliokwama kooni. "Nimekasirika sana. Lakini nakwambia. Nimekasirika, mama, na nakwambia."

Mama aligeuza kichwa taratibu. "Baba yako hakuwahi kuniambia hivyo," alisema.

"Sijui niseme nini kingine."

"Kwa leo inatosha," mama alisema, na akatoka, na akauacha mlango wazi.

Bia ile iliuzwa. Hakuna aliyeirudisha. Mwenye baa wa mtaa wa pili alikuja mwenyewe kuulizia, akisema wateja wamesikia mgonjwa karuhusiwa kutoka wodini. Harufu ya dawa haikusikika tena ndani ya banda, na Fundi alipita penye tangi saa yoyote bila kuimba.

Chachu ndiye ambaye hakupata nafuu hiyo. Kuna siku mtu alikosea kufunga bomba, au chupa zilipasuka kwa uzembe, na yeye akahisi mtu mwingine akisimama ndani ya nguo zake, akijinyoosha, akitafuta ukuta wa kutazama. Ilimbidi aseme haraka, kwa sauti, kabla kimya hakijakaa. "Nimekasirika!" Wafanyakazi mwanzoni walishtuka. Baadaye wakazoea, na Fundi akawa anajibu kutoka popote alipo, hata akiwa kichwa chini uvunguni mwa tangi: "Tumesikia, bosi!" Walicheka wote. Chachu alicheka nao, lakini alikuwa anatokwa na jasho.

Mama hakuja tena Jumamosi. Chachu aliacha zipite kadhaa, kisha akaenda yeye, mchana, bila kuchukua chupa. Alikuta madirisha ya nyumba yote yamefunguliwa. Jikoni, mezani, kulikuwa na vikombe na bilauri zimejipanga: chai ya maziwa, chai kavu, juisi ya ukwaju, soda, maji ya ndimu, na kitu cheusi ambacho mama alisema ni kahawa aliyoichanganya na tangawizi.

"Una wageni?" Chachu aliuliza.

"Nina mimi," mama alisema. "Najaribu. Mtu mzima hivi, nimegundua sijui ninapenda kunywa nini. Kaa, nisaidie. Hiyo nyeusi usiiguse, ni mbaya sana."

Chachu alikaa. Walikunywa kidogo hiki, kidogo kile. Mama alikunja uso kwenye ukwaju, akakunja uso kwenye soda, akaukunja kwa raha kama anayenyoosha mguu uliokufa ganzi. Jua lilihama kutoka mezani likaenda sakafuni.

"Hebu niambie," mama alisema baadaye, akiwa amempa mgongo, anasuuza bilauri. "Yule wako. Yule aliyekuwa akicheka. Mimi sikubahatika kumjua."

Chachu alifikiri kidogo wapi aanzie. Akamsimulia ile siku ya mvua, akiwa mdogo, baba alipomkalisha juu ya gunia la hopsi kwenye mkokoteni akamsukuma barabara nzima akipiga honi kwa mdomo, watu wakipisha, yeye akiwa ametota na anapiga chafya, mpaka gurudumu likachomoka na wote wawili wakaangukia matopeni, na baba akakaa pale pale kwenye tope, akicheka, akishindwa kuinuka.

Mama alifunga bomba la maji ili asikie vizuri. Alisikiliza yote, akiuliza hapa na pale, kwa adabu na udadisi, kama mtu anayesimuliwa habari za mume wa jirani.